Mtungi wa Siku Arubaini

Mwaka ilipoonekana nyota yenye mkia, mimi na mume wangu Madi, mgema wa Mbwajumali, tuligombana juu ya mtungi mmoja wa tembo. Yeye alishikilia kwamba tembo hunywewa asubuhi ile ile lilipogemwa, likiwa bado tamu. Mimi nilitaka likae lichachuke liwe siki ya achari ya arusi ya binti yetu. Nikaujaza mtungi, nikaufunga kwa kitambaa, nikamwambia asiuguse siku arubaini. Kila siku niliufukuzia nzi.

Siku zilipotimia nikaufungua, nikachota kwa kata, nikakunja uso tayari kwa ukali. Lilikuwa tamu.

Nikamtazama Madi. Masharubu yake yalikuwa na povu.

"Mwanamkisi, baina ya utamu na siki pana ndia ya ulevi," akasema kwa unyenyekevu. "Niliogopa dhambi. Lile nililimaliza siku ile ile. Hili nimekutilia leo alfajiri."

Nilitaka kumpiga kwa kata, lakini bado ilikuwa na tembo. Nikalinywa kwanza. Nikachota tena.

Siki tulinunua mjini Faza. Asubuhi iliyofuata, Madi hajateremka mnazini, mimi niko chini na kata yangu.