Kompyuta ya Halali

Kaka yangu Mazin ana akili nyingi, na taabu yake ni kwamba anaishi nazo nyumba moja na mimi. Mwaka huo wa 2003 akili zake zote alizimwaga kwenye kompyuta iliyofika bandarini ndani ya kontena la majokofu ya mtumba kutoka Dubai. Aliiweka chumbani kwake, juu ya duka letu la vitambaa pale Mtaa wa Mahiwa, akatutangazia kwamba anafungua studio. Bongo nzima ilikuwa inafungua studio. Kijana akipata chumba na godoro la kuzibia dirisha, tayari ni produsa.

Nilimwacha acheze. Mambo yakawa makubwa ilipofika zamu ya shingo ya Mama.

Mama yetu, Bi Mauza, alikuwa na rovu alilolifunika kwa mtandio tangu mimi nikiwa mdogo. Sasa lilianza kumbana pumzi, na daktari akasema likatwe. Akatueleza bila kuficha kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita pale pale, kwa hiyo huenda sauti ikarudi kama ilivyokuwa, na huenda isirudi. Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya khanga. Sisi ndio tuliochanganyikiwa. Kwenye maulidi ya wanawake Kariakoo, Mama asipokuwepo watu hula pilau wakaondoka. Na kuna kasida moja iliyotungwa na bibi yetu mzaa mama, ambayo ni Mama peke yake aliyebaki akijua kuipandisha na kuishusha. Haikuwa kwenye kanda yoyote. Ikipotea sauti, imepotea na kasida.

"Nitamrekodi kabla hajalazwa," akasema Mazin, na kwa mara ya kwanza nikaona faida ya ile kompyuta.

Mama akakaa kwenye kiti, akaletewa maiki, akaiangalia skrini kwa makini.

"Hiyo programu ya kurekodia umeitoa wapi?"

"Kwa Jeet, Mama. Kanikopia."

Jeet ni rafiki yake wa Upanga, mtoto wa Mzee Mansukhlal mwenye duka la vyombo. Kila sikukuu ya Kihindu ya Navaratri yeye ndiye anayepiga kinanda, na kwa mambo ya muziki wa kompyuta hakuna anayemwambia kitu.

"Na Jeet kainunua?"

"Hakuna anayenunua hizi, Mama. Kariakoo nzima inakopi."

"Basi ina mwenyewe, na mwenyewe hajalipwa," akasema Mama, akamrudishia maiki. "Mimi simsifu Mtume ndani ya mali ya wizi."

Mwingine angekata tamaa. Mazin akafurahi kama kaambiwa anaozwa. Miezi kadhaa alikuwa anatuhubiria habari za Linux, mfumo ulioandikwa na watu wa kila pembe ya dunia wakautoa bure, ruhusa kuutumia, kuukopi, hata kuufungua na kuubadilisha. Binamu yetu wa Maskati alikuwa amemletea sidii yake. Mama akauliza mara mbili kama kweli hao wenyewe wameridhia. Akaambiwa wameridhia kwa maandishi. "Hiyo ndiyo," akasema.

Tatizo ni kwamba Jeet alishamcheka Mazin mbele za watu, akamwambia Linux ni ya kuendeshea mitambo ya mabenki, muziki haiwezi. Walikuwa hawasemezani. Mazin aliapa kwamba kompyuta hiyo itaimba na Jeet atakuja kuisikiliza.

Haikuimba. Kila kompyuta ina kadi ya sauti, na kadi hiyo inahitaji draiva, yaani programu ndogo ya kuielewanisha na mfumo. Mazin akawa anakwenda kwenye intaneti kafe na kurudi na karatasi alizochapisha, anaandika maneno kwenye skrini nyeusi isiyo na picha hata moja. Programu zenye picha alizidharau, alisema ni za watoto. Anamaliza, anamwita Mama. Mama anaimba. Mazin anarudisha nyuma tusikilize, na spika zinakaa kimya kabisa.

"Rudia, Mama."

Mama anarudia. Huku chini muuza mashati ananadi kwa kipaza sauti, lori linapiga honi, na Mazin anainua mkono kumsimamisha wimbo ukiwa katikati. Anasikiliza. Kimya.

"Hii kompyuta yako ina adabu," Mama akamwambia siku moja. "Haimjibu mkubwa."

Nilicheka peke yangu. Nilimwambia Mazin amfuate Jeet. Akanijibu kwamba heri auze vitunguu sokoni Shimoni.

Jioni ya kuamkia kulazwa, Mama aliimba kasida nzima bila kusimama. Kwenye beti za mwisho pumzi ilimkata, akashika ukingo wa meza, akamalizia. Mazin akarudisha nyuma. Hakukutoka hata mkwaruzo. Akabaki kainamisha kichwa juu ya kibodi, na Mama akampapasa kichwani.

"Babaangu, mbona ninayo moyoni? Haiendi popote."

Lakini hatukuwa na wasiwasi na moyo, tulikuwa na wasiwasi na koo. Nilimkasirikia kaka yangu siku ile mpaka nikashindwa kula naye. Mtu mzima, mwenye masikio mawili, anaacha sauti ya mama yake ipotee kwa sababu anaogopa kuchekwa na mpiga kinanda.

Siku ya operesheni tulirudishwa nyumbani tukangoje saa ya kuona wagonjwa. Mazin akajifungia chumbani. Mimi nikapiga simu Upanga. Jeet akafika kabla chai haijapoa.

"Mambo?" akasema mlangoni.

"Poa," akajibu Mazin, akitazama ukuta.

Jeet hakuuliza mengi. Alivuta kiti, akaandika neno moja, na kwenye skrini ikatokea safu ya nguzo ndogo, na chini ya kila nguzo herufi M mbili.

"Ukurasa huu umeshawahi kuufungua?"

"Huo si wa kupandishia sauti?" akasema Mazin. "Sauti yenyewe sina, nipandishe nini?"

"Draiva hii ukishaiweka inafunga milango yote ya kutolea sauti, isije ikapasua spika. Hizo M maana yake kila mlango uko bubu. Mpaka mwenyewe aufungue." Akabonyeza kitufe, M zikaondoka moja baada ya nyingine.

"Wewe umeyajulia wapi haya? Si ulisema Linux haiwezi muziki?"

Jeet akawa anatafuta kitu cha kutazama. "Nimeiweka nyumbani. Tangu tulipogombana. Mimi mwenyewe ilinichukua wiki."

Walikuwa wamenuniana kwa ajili ya Linux, na wote wawili walikuwa wanatumia Linux. Ningewaambia maneno yangu, lakini Jeet alikuwa ameshauliza kama rekodi za Mama zimefutwa. Mazin hafuti kitu, ukikiona chumba chake utaelewa. Mafaili yote yalikuwepo. Jeet akafungua la mwisho, na sauti ya Mama ikajaa chumba kizima, pana, na ile pumzi yake mwishoni, na meza ikilia aliposhika ukingo. Mlango wa kuingilia ulikuwa wazi siku zote. Uliofungwa ni wa kutokea.

Mazin alilia bila aibu. Jeet akaangalia dirishani kwa heshima. Mimi nililia pia, halafu nikawaambia wote wawili kwamba ni wapumbavu.

Mama alitoka salama. Ila sauti haikurudi. Iliyokuja ni nyingine, nzito na yenye mikwaruzo, na juu haifiki. Tulingoja, akanywa tangawizi na asali, akapumzishwa asiongee. Mwisho daktari akasema hiyo ndiyo itakuwa sauti yake. Hakulalamika mbele yetu. Kwenye maulidi ya jirani alikaa nyuma na wanaokunja sambusa.

Ndipo Mazin akamwita chumbani, Jeet naye akiwepo.

"Shikamoo Mama," akasema Jeet.

"Marahaba, mwanangu."

Wakamvalisha hedifoni juu ya mtandio. Mazin alikuwa amekatakata mafaili yote na kuyaunganisha, honi imetoka, muuza mashati ametoka, imebaki kasida tupu. Tukamwangalia uso. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, na sikujua kama tumemfanyia wema au ukatili.

"Anaringa huyu mwanamke," akasema kwa ile sauti yake mpya. Halafu akasema, "Mbona kaachwa peke yake?"

Ni kweli. Alikuwa ameacha nafasi za kiitikio, kama alivyozoea, na pale panapopaswa kujaa sauti za wanawake wenzake palikuwa patupu.

"Hapo anaweza kuwekewa mwingine?"

"Anaweza, Mama. Ile ya kwanza haiguswi, ya pili inakaa pembeni yake."

"Basi niletee maiki."

Sauti yake ya zamani ikapandisha, na kila ilipotua yeye akaitikia kwa chini, kwa mikwaruzo, bila kujificha. Ubeti kwa ubeti, mpaka mwisho. Mazin akazipiga zote mbili kwa pamoja. Kulikuwa na kasoro ndogo, kiitikio kilichelewa kidogo kila mara.

"Si wewe, Mama, ni kadi," akasema, ameshashika kipanya. "Inachelewesha. Nakusogeza mbele kidogo, mnakuwa sawa."

"Usinisogeze," akasema Mama. "Yeye alitangulia. Mimi niache hapo hapo nilipo, namfuata."

Mazin akatoa mkono kwenye kipanya, akahifadhi faili kama lilivyo.