Naibu wa Mokhles

Katika mtaa wetu hapa Khulna hakuna mtu aliyewahi kunikamata nikidanganya. Walimu walijaribu mpaka wakastaafu. Mama alijaribu, mwisho akaniachia Mungu. Kaka yangu Mokhles, aliyenilea nusu na kunichapa nusu, alikuwa akinikazia macho, halafu anacheka: "Tuhin, uso wako umepakwa mafuta. Ukweli ukitua, unateleza." Basi kumdanganya mwanamke mmoja kwa kaa mmoja kungenishinda vipi?

Kaa mwenyewe mwili wake haukuzidi ukucha wa kidole gumba. Ni wale wa tope, wanaojaa ukingoni maji yakikupwa. Jike ana magando mawili madogo ya kulia chakula, lakini dume amepewa gando moja kubwa kumshinda, utadhani mtu anayetembea na mlango wa nyumba yake begani. Hulipandisha, hulishusha, hulipandisha tena, anaita. Mokhles aliwaleta ndani ya sufuria, dume mmoja na majike kadhaa, kutoka kwenye vijito vya msitu wa Sundarban, alikokuwa akienda na wenzake kukata majani ya kuezekea. Walikuwa zawadi kwa mkewe. Jorina alizaliwa ukingoni mwa kijito, na tangu aletwe mjini alikuwa akilalamika kwamba Khulna hakuna sauti ya tope.

"Tope lina sauti, shemeji?" nilimuuliza.

"Linayo. Linatafuna."

Kazi ya kuwajengea makao nilijitwika mimi, msomi wa nyumba. Nilipata kabati la kioo lililotupwa na duka la vitamutamu, nikaziba nyufa, nikajaza maji ya bomba mpaka juu, kama ya samaki. Kesho yake asubuhi majike wawili walikuwa chali. Mokhles hakunigombeza. Aliinama, akawatoa kwa vidole viwili, akaniuliza kwa upole, "Wewe ukijengewa nyumba yote bafu, utaishi?"

Tukaanza upya, sisi wawili, mikono imezama mpaka viwiko. Tope la kijito lililochanganyika na mchanga tukalipandisha upande mmoja, likawa ukingo. Upande wa pili tukaacha kidimbwi cha maji ya chumvichumvi, aliyoyabeba kaka kwa dumu kutoka mtoni kule Mongla. Tukaweka vigae vya chungu kilichovunjika, wapate kivuli. Juu tukafunga chandarua kwa kamba, maana hawa hupanda pembe za kioo kama wezi. Jorina akawasagia uduvi mkavu. Kufika jioni kila mmoja alikuwa amejichimbia tundu lake, na mbele ya kila tundu kulikuwa na vidonge vya tope walivyokwisha kuvilamba, vimetandazwa kama shanga zilizokatika uzi. Jorina alibandika sikio kwenye kioo. Kaka yangu alimtazama vile anavyomtazama, nami nikatoka nje kwa adabu, jambo ninalolifanya mara chache.

Alipokuwa anarudi msituni alisimama mlangoni, gunia begani, akanyoosha kidole kwenye kabati. "Nawaachia naibu wangu. Akipunga, jueni ni mimi nawasalimu."

"Na asipopunga?" Jorina akauliza.

"Basi atakuwa amechoka kumwona Tuhin."

Mashua yao ilipatikana imepinduka. Wenzake wawili walipatikana, wakaoshwa, wakazikwa. Mokhles hakupatikana. Majirani walipokuja na habari ya kumswalia kwa mbali, mama alikataa: "Simswalii mwanangu ambaye sijamwona uso." Kwa hiyo hatukuwa na msiba, na mtu wetu hatukuwa naye. Nyumba ikawa kama pumzi iliyovutwa ndani isitolewe. Mbao za ukumbini zikilia tulinyamaza wote watatu, kila mmoja akitega sikio na kujifanya anafanya jambo jingine.

Kwao Jorina, mume akiwa msituni, mke hapaki nywele mafuta wala hakaangi pilipili kavu. Wanasema moshi wake humfuata mume huko aliko ukamwasha macho, na msituni mtu anahitaji macho. Zamani mwiko huo ulikuwa wa siku chache tu; Mokhles akirudi, jiko zima lilikohoa kwa furaha. Safari hii miezi ilipita na chakula chetu hakikuwasha hata ulimi.

"Shemeji," nikamwambia, "hii dengu haina dhambi hata moja."

"Kula. Wewe unazo za kutosha."

Kila alasiri alikaa mbele ya kabati, nywele zake kavu kama kumbi la nazi, na mimi nilikaa naye, kwa kumsindikiza tu. Naibu alitoka tunduni, akajipangusa macho yake ya vijiti, akapanda juu ya kigae, akapunga. Polepole, kama mtu aliye mbali na asiye na uhakika kwamba anaonekana. Akipunga, bega la Jorina lilishuka kidogo. Akichelewa, mimi ndiye niliyegonga kioo.

Kisha ikaja habari kwamba mjomba wake Jorina anataka kuja kumchukua. Binti bado kijana, alisema, hawezi kuachwa kwa watu kama mzigo usio na mwenyewe. Mama hakubisha, kwa kuwa hakuwa na la kubishia. Jorina alisema tu, "Nitamjibu akija," na macho yake yakaenda kwenye kabati. Mimi nikasoma yote pale: Naibu akiacha kupunga, Jorina atafunga sanduku lake, na Jorina akitoka mlango ule, Mokhles atakuwa amekufa kwetu sote.

Naibu nilimkuta siku moja kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa kwa jirani, na Jorina nilidhani wako pamoja. Naibu alilala ubavu kando ya kidimbwi, rangi imemtoka, macho yake kama kioo, gando kubwa limelegea mbele yake. Nikamgusa kwa kijiti. Hakuwa na la kusema.

Wengine wangepiga kelele. Mimi nilimfunga kwenye leso, nikaenda uani, nikachimba kwa kijiko chini ya mpapai, nikamfukia, nikapangusa mikono na kuondoka nikipiga mluzi. Kisha nikapanda basi kwenda Mongla, nikakunja suruali, nikaingia topeni. Kaa walikuwa kwa maelfu, wote wakipunga, ukingo mzima ukipunga, na jua lilikuwa linaangukia magando yao mpaka ikanibidi nigeuze uso. Nikakamata mmoja mwenye rangi ileile na gando upande uleule. Mimi si mjinga.

Jioni ile Jorina alimtazama mgeni kwa muda. Huyu alipunga haraka haraka, kama kondakta anayeita abiria.

"Naibu leo ana shughuli," alisema.

"Amepandishwa cheo, shemeji."

Akacheka. Kicheko kidogo, cha kwanza tangu mashua ile, nami nikakichukua kama mtu anayeokota pesa njiani, bila kuuliza ni ya nani.

Kesho yake nyumba ilijaa moshi. Mpaka leo nikipita mahali wanapokaanga pilipili kavu, miguu yangu husimama yenyewe. Tulikohoa. Mama alikuja mlangoni mwa jiko, akaona kikaango, akamwona Jorina akikoroga ameinamisha kichwa. Nilingoja amgombeze. Badala yake aliketi kizingitini, akaachia machozi yaliyokuwa yamekaa muda wote ule bila ruhusa, akisema kila mara, "Moshi huu, jamani, moshi huu." Mimi nilidhani shemeji amesahau mwiko wake. Nikajisemea, unaona? Furaha imemchanganya.

Mjomba hakuja wiki ile, wala iliyofuata. Nilitembea mtaani kifua mbele. Watu hujenga kwa matofali. Mimi nilikuwa nimeisimamisha nyumba kwa uongo mmoja.

Mpaka alasiri moja, nikiwa peke yangu mbele ya kabati, nilipoona tope likitikisika kando ya kigae. Likapasuka. Likatoka gando kwanza, jeupe, safi, jipya. Nyuma yake macho mawili ya vijiti. Nyuma yake mwili uliokuwa umekua. Yule mgeni akarudi nyuma akampisha. Aliyetoka ardhini akapanda kigae, akatulia, kisha akainua gando lake. Polepole. Kama mtu aliye mbali.

Nywele zilinisimama mpaka kisogoni.

"Sasa wako wawili," Jorina alisema nyuma yangu.

"Huyu... huyu atakuwa amezaliwa, shemeji."

"Amezaliwa na gando hilo?"

"Watoto wa siku hizi."

Hakucheka. Alikuja akachuchumaa karibu yangu, akanukia mafuta ya nazi. "Ulichokifukia ni gamba, Tuhin. Likiwabana hulivua, wanajificha chini mpaka jipya ligande. Nililifukua siku ileile. Jepesi kama ganda la kitunguu."

"Ulijua? Ukaniacha nihangaike na mabasi?" Sauti yangu ilipanda nisivyotaka. "Mimi nilifanya vile kwa ajili yako! Wewe ndiye uliyekuwa unamwamini kaa. Mimi sikujali. Nilimfukia nikipiga mluzi."

"Hukupiga mluzi."

"Nilipiga."

"Nilikuwa dirishani, jikoni." Alisema kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenziwe mwiba. "Ulipiga magoti. Ulimsomea Yasini, ulipofika katikati ukasahau, ukaanza tena toka mwanzo. Ulimwita kaka. Uliweka viganja juu ya udongo kama unayemfunika mtu shuka, ukakaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Mimi nilijua Mokhles hatarudi tangu walipowaleta wale wenzake wawili. Sikuwa na mahali pa kulilia tu. Machozi yangu yaliisha siku ile, pale dirishani, nikikutazama."

Nikatafuta mzaha. Mimi, ninayeweza kumchekesha mtu matangani, nikaishia kufuta ukungu wa pumzi yangu kwenye kioo. Ndani ya kioo wale wawili walikuwa wanapunga, mmoja haraka, mmoja taratibu.

"Na mjomba wako?" nikauliza mwishowe, nikiangalia pembeni.

"Nimempelekea salamu asubiri kidogo. Nimemwambia nyumbani kuna mgonjwa."

"Mgonjwa nani? Mama ni mzima."

Jorina akavuta chandarua juu ya kabati, akaikaza kamba, akafunga fundo. Kisha akageuka, akanitazama.