Kipepeo wa Doa Moja

Nalala na hasira, na usingizi unanipokea kama mlango ulioachwa wazi. Juzi, harusini, Shemboza alighani shairi langu, beti kumi na mbili, na kwenye ubeti wa tamati, pale mtunzi anapotia jina lake, akang'oa Mwinjuma akatia Shemboza. Akapigiwa vigelegele. Siombi haki mimi, naomba ulimi wake. Sasa natembea njia isiyokwisha, njia inageuka mji, mji unageuka bustani yenye kuta za vioo, na ndani ya kila kioo kuna bustani nyingine. Mtu asiye na uso ameketi ukutani. Kitendawili, ananiambia. Tega, namjibu, maana simwogopi mtu. Wawili wamevaa kanzu moja. Ndege humla mmoja, humtema mwenzake. Nacheka. Hicho umemtegea mwenyewe, bwana, mimi kazi yangu kutunza bustani ya vipepeo. Wote wawili rangi ya chungwa, ncha nyeusi zenye baka jeupe. Mchungu, aliyelelewa na majani ya utomvu wa sumu, ana madoa matatu meusi katikati ya bawa la nyuma. Mwigaji, anayeishi kwa kuogopwa bure, ana doa moja tu. Vyema, fundi, anasema. Humu kila kipepeo ni jina la mtunzi. Mwigaji ni Shemboza. Mng'oe mabawa, hataghani tena. Mchungu ni wewe. Usikosee.

Mimi nikosee? Wawili wametua juu ya ua moja, bawa la mbele limefunika la nyuma. Subiri wafungue uhesabu, anasema asiye na uso. Lakini mmoja anaruka polepole, kwa madaha, kama anayejua anatazamwa, na moyo wangu unapiga kelele ndiye, hayo ndiyo maringo ya harusini. Namdaka. Nang'oa bawa la kulia, nang'oa la kushoto, na kisasi kinanijaa utamu mdomoni. Haya, hesabu sasa, ananiambia. Nafungua kiganja. Moja. Mbili. Tatu. Ulijua, fundi, ananicheka, kwamba mwenye sumu ndiye hupepea polepole, kwani anamkimbia nani? Ukadhani madaha ni ya mwizi. Yalikuwa yako.

Nazinduka. Jua limejaa dirishani. Naghani shairi langu kwa sauti, beti zote zinakuja, hadi pale pa jina. Hapo mizani inabaki wazi, na ulimi wangu unapapasa hauoni kitu. Mama anasukuma mlango, ananitazama kitambo. Wee kijana wa watu, anasema, umelala kwa nani? Ndivyo anavyomtania kila anayechelewa kuamka. Namsubiri acheke.