Kifua Kilichozidi Bamba

Mzee Simeoni wa Misigiri alikuwa fundi seremala, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kuona kitu kimeungwa vibaya akanyamaza. Akialikwa harusini, kabla hajaonja pilau alikuwa ameshainama chini ya meza kukagua miguu yake. Kanisani aliimba huku jicho likiwa kwenye kona ya mimbari, ambayo kwa bahati mbaya aliitengeneza mtu mwingine. Milango yake mwenyewe haikuwa na msumari hata mmoja. Kila ulimi wa mbao uliingia kwenye tundu lake ukatulia humo, na mwenye nyumba angeweza kuzeeka, akafa, akarithiwa na wajukuu, mlango bado haujalia hata mara moja.

Ndiyo maana alimchukia Melkiori tangu siku ya kwanza.

Melkiori alikuwa mfugaji wa Kinyangiri, kijana mpole, mwenye adabu zake, na mrefu kupita kiasi. Alipokuja na mshenga kumposa Raheli, binti wa mwisho wa Simeoni, alivua kofia, akainama vizuri kabisa kuingia ndani, na pamoja na kuinama kote huko paji lake la uso likagonga kizingiti cha juu kwa kishindo. Vumbi likamwagika kwenye chai ya mshenga. Simeoni hakumuuliza mgeni kama ameumia. Aliinuka akaenda kuupapasa mlango.

"Mlango huu hauna kosa," alisema. "Kosa ni la anayeingia."

Kijana akaomba radhi, na katika kuomba radhi akakohoa. Akakohoa tena alipopewa kiti, akakohoa na alipoulizwa habari za ng'ombe wa baba yake. Simeoni akaona sababu imejileta yenyewe. Alimwambia mshenga kwamba binti yake haolewi na mtu mwenye kifua, na kama wanabisha, basi walete picha ya eksirei, pafu zima lionekane, juu mpaka chini. Alijua mashine iko Singida mjini. Alijua mabasi yalivyo, na alijua msimu wa kulima umekaribia. Aliamini mpaka picha hiyo ipatikane, Raheli atakuwa ameshamsahau mtu mwenyewe.

Sababu ya kweli hakumwambia mtu. Mkewe alikuwa marehemu, mabinti wakubwa walishaolewa wakatawanyika, na Kinyangiri si jirani. Raheli akiondoka, jioni mzee atakuwa anakula peke yake na milango yake. Alimpenda mno binti huyu, na aliogopa, basi.

Alichosahau ni kwamba Serikali inaweza kuitia eksirei magurudumu. Huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, Misigiri imetoka kupangwa kuwa kijiji cha ujamaa, na asubuhi moja Landrova iliingia ikiwa na mashine ndogo ya kubebeka, jenereta na hema jeusi la kusafishia picha. Waliokuwemo walikuja kupima vifua vya kijiji kizima, bure. Mashine ikafungwa ndani ya ghala la kijiji. Jenereta ilipoanza kunguruma, watoto wakaanza kuicheza kama ngoma. Akina mama walikuwa wamejipaka mafuta na kujitanda kanga mpya, maana wameambiwa ni picha. Mughwai, Mnyaturu kutoka Mgori aliyehamia hapo kijijini na rafiki mkubwa wa Simeoni, alikuja amefunga tai. Akaambiwa avue shati. Akavua shati, tai akaiacha.

Melkiori aliletwa na habari hizo kwa baiskeli, magoti yamechomoza pande zote mbili. Akamwamkia Simeoni shikamoo, akakohoa, akaingia kwenye foleni.

Mpiga picha aliitwa Bwana Gabrieli, mtu mfupi, mchangamfu, asiyeacha kucheka. Alimsimamisha Melkiori mbele ya bamba, yaani kile kisanduku bapa cha chuma chenye filamu ndani, akampiga picha, akaingia na filamu hemani. Alipotoka nayo imelowa alikuwa anacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kijana," alisema, "filamu imekwisha, mapafu yako bado yanaendelea."

Akajaribu kushusha bamba, pafu likakatika juu. Akalipandisha, likakatika chini. Foleni nzima ilikuwa inashangilia, na wa kwanza kushangilia alikuwa Simeoni, aliyeketi kwenye benchi karibu na mlango amekunja nne kama bwana shauri.

"Mimi nilisema pafu zima," aliwakumbusha watu. "Nusu sitaki."

"Hata daktari hataki nusu, mzee," Gabrieli alijibu. "Na nikipiga mara mbili, juu na chini havitalingana, maana kila mara atavuta pumzi nyingine. Dawa yake ni kuunga mabamba mawili, moja juu ya jingine, nipige mara moja kwa pumzi moja."

Simeoni alicheka. Kisha akawaona wanavyounga, kicheko kikamkauka.

Gabrieli na dereva wake, Chrispin, waliyafunga mabamba kwa kamba ya katani. Yakateleza. Wakaongeza plasta ya vidonda. Bamba la juu likanasa kidogo, likainama, likabaki limening'inia kwa kona moja. Chrispin akaenda kuleta mpira wa tairi. Simeoni alitazama dari. Akakunjua nne, akaikunja upande wa pili. Alijiambia hayamhusu, na kwa kweli hayakumhusu, na tena yalikuwa kwa faida yake. Lakini walipoanza kuchomeka kipande cha gunzi ili bamba lisitikisike, aliinuka kwenye benchi.

"Nyinyi," aliuliza, "hivyo ndivyo mnavyofunga?"

"Tufungeje, mzee?"

Mzee alikuwa ameshatoka nje, anaelekea kwake kwa mwendo ambao Misigiri haikuuona tangu alipokuwa kijana. Alirudi na randa, patasi, msumeno na mbao za mninga alizokuwa amezitunzia kabati. Akapanga vitu kivulini mwa ghala, akataka maelezo yote. Gabrieli akamweleza kwamba filamu haifiki mpaka ukingoni mwa bamba, kwa hiyo mabamba hayawekwi ncha kwa ncha. Moja lazima lilalie jingine kidogo, kama bati linavyolalia bati, la sivyo kipande cha pafu kitapotea hapo katikati. Yasicheze hata kidogo. Na mbele ya kifua pasiwe na chuma kingine.

"Misumari marufuku, mzee. Itatokea kwenye picha."

Simeoni alimtazama kwa mapenzi makubwa. Maisha yake yote alikuwa anamsubiri mtu wa Serikali aje apige marufuku misumari.

Kazi ikaanza. Maranda yalimwagika, mninga ukanukia, foleni ya kupimwa ikasahau kupimwa ikahamia kivulini. Simeoni alipima, akachora, akatoboa, akaimba pambio moja akilikosea maneno. Fremu ilikuwa inapanda kama mlango mwembamba wa paneli mbili, ya chini imerudi nyuma kidogo ili ya juu iilalie. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa bwawa zima la matope. Raheli alimletea maji ya kunywa, akasimama hapo na kikombe.

"Simeoni," Mughwai aliita, tai bado shingoni. "Huo ni mlango wa nani?"

"Wa eksirei."

"Mimi naona ni wa Raheli kutokea."

Watu walicheka sana. Simeoni naye alicheka, kisha patasi ikasimama. Alimtazama binti yake, akamtazama yule mrefu aliyejikunja chini ya mti wa uani, akaitazama fremu. Loo, alikuwa anajichongea mwenyewe, na kwa mninga mzuri kuliko wote aliokuwa nao.

Ujanja ukamjia hapo hapo. Hakuna haja ya kukataa kazi mbele ya watu. Angelegeza tu ulimi mmoja, upana wa ukucha, bamba la juu lizame wakati wa kupiga, pafu lipotee katikati, Landrova iondoke jioni kama ilivyopangwa. Nani angejua? Akachukua randa akaupunguza ulimi. Akauingiza kwenye tundu. Ukaingia kirahisi, na katika kiungo kikaonekana kimstari cha mwanga.

Mzee alikitazama kile kimstari. Akatazama pembeni, akarudi kukitazama. Alijaribu kuchukua kipande kingine aendelee na kazi, mkono ukakataa. Akafikiria fremu hiyo inazunguka vijiji vyote vya mkoa, na kila anayesimama mbele yake anaambiwa kwamba hii kaiunga Simeoni wa Misigiri. Akaung'oa ule ulimi akautupa mbali, akakata mpya, na huo mpya ulipoingia ilibidi ugongwe kwa kiganja.

"Basi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na mikono yake mwenyewe.

Mabamba yakaingia kwenye fremu yakatulia. Gabrieli aliyatikisa, akaitikisa fremu nzima, akamtikisa na Simeoni mabegani kwa furaha. Melkiori akasimamishwa. Akaambiwa avute pumzi aishike. Akavuta, macho yake yakakutana na ya Simeoni, akakohoa.

Wakarudia. Akakohoa.

"Mzee," Gabrieli alisema, akijitahidi asicheke, "nakuomba usimwangalie."

Simeoni akageuka nyuma. Kijana akakohoa kwa kuuona mgongo. Mwishowe Mughwai alimshika rafiki yake mkono akampeleka nje mpaka nyuma ya Landrova, akamkalisha kwenye debe. Kutoka hapo mzee alisikia sauti ya Gabrieli ikisema vuta pumzi, shika. Halafu kimya. Alitega sikio asikie kikohozi, na hakikuja. Hakikuja hata baada ya mashine kulia na watu kuanza kuongea. Kilichokuja ni sauti ya Melkiori akicheka na wenzake, kicheko kipana kisicho na mkwaruzo wowote. Simeoni hakuwahi kukisikia kabla ya siku hiyo. Akajisikia aibu kidogo pale juu ya debe.

Filamu mbili zilipotoka hemani, Gabrieli alizilaza moja juu ya nyingine kama mabamba yalivyokuwa, akazielekeza juani. Simeoni alizinyakua.

"Kiungo kiko wapi?" aliuliza. Alizisogeza machoni, akazipeleka mbali. Palikuwa na kivuli chembamba cha ukingo kinachokatiza, na juu yake na chini yake kila ubavu ulikutana na nusu yake. "Mnaona? Tazameni hapa. Mama Damari, njoo uone. Hakuna kilichopotea. Hakuna doa, hakuna kasoro, juu mpaka chini."

Alizunguka nazo foleni nzima, maji yakimdondoka mikononi, akirudia maneno hayo kwa wakubwa na wadogo, kwa mwenyekiti wa kijiji, hata kwa mshenga aliyetokea sijui wapi. Raheli alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo kifua hakina doa?" Mughwai aliuliza.

"Kifua gani?" alisema Simeoni. Kisha akaelewa alichokuwa anakitangaza.

"Neno la mwisho ni la daktari," Gabrieli alisema, "lakini hata mimi sioni doa. Mzee, tunaomba na fremu tuondoke nayo."

Simeoni aliwapa. Jua lilipoinama Landrova iliondoka, mninga wake umefungwa juu kwa heshima zote, na yeye akarudi nyumbani. Raheli na Melkiori walimfuata nyuma, wakingoja hukumu. Mlangoni alisimama. Alitoa penseli nyuma ya sikio.

"Njoo hapa," alimwambia Melkiori. "Simama wima. Usiiname."

Akapanda juu ya kigoda, akachora mstari ukutani juu ya kichwa cha kijana, mbali kabisa na kizingiti. Kisha akachukua msumeno akaanza kukikata kile kizingiti alichokitengeneza mwenyewe mwaka aliomwoa mama yake Raheli.

"Baba," Raheli alisema, "unafanya nini?"

"Mlango huu una kosa," alisema Simeoni. "Mtu akija kunisalimia kutoka Kinyangiri, na aje mara kwa mara, sitaki agonge kichwa. Wewe, baba, nishikie hii mbao."

Melkiori aliinua mkono akaishika mbao bila kuhitaji kigoda. Mzee alikuwa anamtazama moja kwa moja usoni, na kijana hakukohoa.