Dansi Aliyoikataa Yustina

Kitasa kililia kidogo gizani, kabla Yustina hajawasha koroboi. Akasikia mluzi wa rumba, akajua ni Albano, fundi wa dansi wa ukumbi wa pale Temeke. Jumamosi alicheza naye wimbo mmoja. Mkono wa Albano ulipoteremka chini ya kiuno, aliutoa mara mbili, kisha akamwacha peke yake mbele ya watu.

"Fungua, bibie. Ujamaa gani huu wa kunyimana dansi?"

"Sitaki, ndugu Albano. Nilishakwambia."

Mlango ukasukumwa. Yustina akaukinga kwa bega, akapiga kelele. Wapangaji wakatoka koridoni na taa zao.

Albano akacheka. "Mke wangu huyu, jamani. Kanuna tu."

"Aa, ya mke na mume hayo," Mama Alfonsi akasema. "Mie simo."

Taa zikaanza kurudi vyumbani, moja baada ya nyingine. Yustina alikuwa na wiki moja tu kwenye nyumba ile. Mumewe, kuli wa zamu ya usiku bandarini, wapangaji hawakumjua sura.

Bernadeta, bintiye wa miaka minne, akashuka kitandani, akasema kwa sauti, "Huyo si baba."