Mpaka Alhamisi

Meli niliisikia nikiwa nimezamisha uso majini. Juu ya maji palikuwa kimya, jua la saa saba limesimama utosini na tanga la mtumbwi linaning'inia kama shuka lililosahauliwa kambani. Lakini chini, ule mngurumo ulinifikia mzimamzima, kama mashine ya kukoboa kahawa iliyowashwa nyumba ya jirani. Nilikuwa nimeusubiri tangu asubuhi, na tangu asubuhi nilikuwa naomba nisiusikie.

Mbele yangu, kama hatua tatu hivi, binti yangu Glorious alikuwa ameelea juu ya mwamba, mikono ameitandaza, samaki wa buluu na wa manjano wakimpitia kwapani bila hofu. Na yeye aliusikia. Nilimwona akigeuza kichwa upande wa gati, kisha akanigeukia mimi. Hatukuweza kusemezana na ile mirija ya kupumulia mdomoni. Tulitazamana tu kupitia vioo vya miwani ya kuzamia, mwizi na alichoiba.

Ajira yangu ilitoka Glorious akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Barua ilisema niripoti Mbinga ndani ya siku kumi na nne, afisa ugani wa kilimo. Mimi ni mtu wa Kyela; Mbinga niliijua kwenye ramani ya darasani tu. Mtoto nilimwacha kwetu Matema, kando ya ziwa, kwa mama yangu, nikasema nitamfuata nikitulia.

Hilo neno, kutulia, nililitumia miaka saba. Kwanza chumba nilichopanga kijijini Mpepai kilikuwa kinavuja. Halafu nikahamishiwa kata ya Ruanda, humo humo Mbinga, nikaanza upya na wakulima wengine na vilima vingine. Halafu baridi: nilimwambia mama kwamba mtoto aliyezoea joto la ziwani angekohoa huku mlimani. Watoto wa Kimatengo, wenyeji wa huko, walikuwa wananipita asubuhi na ukungu, peku, wakicheka, wazima kabisa, lakini mimi nilikuwa na sababu nyingi kuliko vyombo vya jikoni kwangu. Ukweli nausema leo kwa sababu nimechoka kuuzunguka. Niliogopa. Kila mwaka uliopita ulifanya mwaka unaofuata uwe mgumu zaidi kuufungulia mlango.

Glorious alipojua kuongea, mama yangu ndiye aliyemwita Mama. Mimi alinipa jina la kwenye simu. Mama Mbinga kapiga. Mama Mbinga katuma viatu, havinitoshi.

Mwaka wa saba, likizo fupi ya Septemba, mama alinipigia kwamba wanashuka na meli mpaka Mbamba Bay, yeye na mjukuu wake. "Tunakuja kutembea," alisema. "Na sisi tukae ufukweni kama watalii." Wangefika Alhamisi na kuondoka Alhamisi ya pili, maana meli ilikuwa inapita mara moja kwa wiki. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi kuteremka milima, na mkobani nilikuwa na magauni mawili mapya ambayo yote mawili yalimbana mabegani.

Siku saba tulikaa kwenye nyumba ya wageni ya dada mmoja anaitwa Otilia, hatua chache kutoka majini. Siku saba nilikuwa nimebeba sentensi moja mdomoni: Mama, naomba uniachie mtoto. Asubuhi ilikuwa tayari kabisa. Ikifika jioni nimeimeza. Nikiwa nasuka nywele za Glorious, mama amekaa pembeni anachambua mchele, naona sasa ndiyo nafasi, kisha nauliza kama ng'ombe wake kule Matema amekaribia kuzaa. Maana kuomba ni kumpa mtu nafasi ya kukuuliza ulikuwa wapi. Na mama yangu alikuwa na haki ya kuuliza.

Jumatano nikakutana na Benno.

Benno alikuwa na mtumbwi wa mbao wenye tanga la turubai, na miwani mitatu ya kuzamia pamoja na mirija yake, aliyoachiwa na Wazungu. Alikuwa anawapeleka wageni kwenye miamba iliyo nje ya ghuba kuangalia samaki. Alikuwa msemaji, na katika maneno yake mengi aliniambia hili: asubuhi upepo unatoka nchi kavu, unakusukuma mpaka kwenye miamba bila jasho. Saa tano unalala. Hauamki tena mpaka saa nane au saa tisa, na hapo unatoka ziwani, unakurudisha nyumbani. "Katikati hapo, dada, ni kukaa tu na kula mihogo," alisema. "Labda upige kasia, na mimi kasia silipendi."

Meli ilikuwa inaondoka saa nane.

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala vizuri. Nilimwambia mama nampeleka mtoto kuona samaki, tutarudi saa sita. Mama alikuwa anakunja vitenge vyake. Alinitazama kwa muda, akanitazama tena, akasema, "Haya. Mvae kofia." Glorious alitoka mbio bila kugeuka nyuma, kwa sababu nilimwambia Benno anatungoja.

Tukiwa tunapanda mtumbwini, meli ilikuwa tayari imefunga gatini, nyeupe, watu wanapakia magunia.

"Meli imefika," Glorious alisema.

"Itaondoka jioni," nikamjibu. Ulikuwa uongo mdogo, umetoka laini kama siagi.

Upepo wa asubuhi ulitupeleka kama Benno alivyoahidi. Glorious alikaa mbele kabisa, miguu inagusa maji, na mimi katikati nikiwa nimeshika ubao kwa mikono yote miwili. Ni aibu kwa mtu wa Kyela, lakini sijui kuogelea. Benno alinivalisha jaketi la kuelea, akanifunga kamba kiunoni kama mbuzi. Mtoto hakuhitaji kamba. Aliingia majini kama mtu anayeingia chumbani kwake, na alipoibuka aliniambia maneno mengi kuliko aliyoniambia wiki nzima.

"Mama Mbinga, njoo! Usiogope. Pumulia mdomo. Pumulia mdomo tu!"

Nikaingia. Nikameza maji, nikakohoa, nikaingia tena. Alinishika mkono. Alinivuta taratibu mpaka juu ya mwamba, akanionyesha kwa kidole samaki mmoja wa rangi ya majivu, shavu limemjaa. Kivuli chetu kilipompitia, watoto wake wadogo kama punje za mtama walimkimbilia, akafungua mdomo, wakaingia wote. Tulipopanda kupumzika Benno akaanza kueleza, hata hakuulizwa, kwamba yule mama hali kitu wiki kadhaa, anawabeba hivyo hivyo mpaka wajiweze.

"Sijakuuliza," nilimwambia. Nilikuwa mkali. Sikuwa na nafasi ya kufundishwa na samaki siku ile.

Saa tano upepo ukalala. Saa sita nikatazama gati. Saa sita na nusu nikatazama tena. Benno alimenya mihogo, Glorious alizama na kuibuka. Nilikuwa nimehesabu kila kitu: mama ana tiketi mkononi, ana ng'ombe mwenye mimba Matema, hawezi kukosa meli. Atapanda. Atapiga kelele kwenye simu, atalia, atasamehe. Mtoto atabaki na mimi kwa sababu hakutakuwa na njia nyingine. Kisha nikarudi majini, ili nisilione gati, na ndipo nikausikia ule mngurumo.

Glorious aliibuka kwanza. Mimi nilifuata. Tukashika ukingo wa mtumbwi, yeye huku na mimi huku.

"Nimekudanganya," nikasema. "Meli haiondoki jioni. Inaondoka saa nane."

"Najua," alisema. Alisukuma miwani juu kwenye paji la uso. Ilikuwa imemwachia alama nyekundu. "Inaondokaga saa nane. Kila Alhamisi."

"Sasa mbona hukusema?"

Alifikiri. "Nilitaka kwanza kuona samaki."

Ningecheka. Karibu nicheke. Lakini alikuwa anatazama gati, na kidevu chake kilianza kucheza.

"Lakini sijamuaga Mama," alisema.

Hapo ndipo nilipojua nilichoiba. Nilidhani naiba safari ya kurudi. Kumbe nilikuwa nimeiba kuagana, nikamwibia mtoto, na mwanamke aliyemlea miaka saba kwa niaba yangu.

"Benno, turudi."

"Dada, upepo umelala. Nilikwambia."

"Piga kasia."

Nilimweleza kwa maneno machache. Uso wake ukabadilika. "Ningejua hivyo nisingekuchukua," alisema, na baada ya hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, Benno alinyamaza. Alipiga kasia moja, mimi nikachukua la pili. Glorious alikumba maji ya mtumbwini kwa kata ya plastiki ingawa hayakuwa mengi. Malengelenge yalinitoka viganjani na kupasuka, tanga likiwa limelala pale pale juu yetu bila msaada wowote. Nilipiga kasia nikiwa nahema na kusema nisamehe, nisamehe, na sikumbuki nilikuwa nawaambia nani.

Tulikuwa tumeingia ghubani meli ilipoachia gati. Iligeuka polepole kuelekea kaskazini, ikapita mbele yetu, kiasi cha urefu wa uwanja mmoja wa mpira. Mama alikuwa sitaha ya nyuma. Nilimtambua kwa kitenge cha njano. Alikuwa amesimama ameshika chuma, anatazama ufukweni, ametugeuzia mgongo.

Glorious akasimama mtumbwini. "Mama!"

"Bee," nikaitikia. Ilinitoka kabla sijafikiri.

Hakuwa ananiita mimi. Aliita tena, na tena, mpaka sauti ikakatika. Honi ya meli ikalia mara mbili juu ya sauti yake, na kitenge cha njano hakikugeuka. Mawimbi ya meli yalitufikia baadaye, yakatutikisa, yakapita.

Gatini tulimkuta Otilia amesimama na begi. Lilikuwa begi la Glorious.

"Bibi kasema hili ni la mtoto," alisema. "Kasema msiikimbilie meli, atapiga simu wakifika bandari ya Liuli."

Nililifungua nyumbani kwa Otilia, juu ya kitanda. Nguo zake zote zilikuwemo, siyo za wiki moja. Chini kulikuwa na sweta tatu za sufu, nene, mpya, moja kubwa zaidi ya nyingine, kama za mtu atakayekua humo humo. Na bahasha. Ndani yake kulikuwa na barua ya uhamisho kutoka shule ya Matema kwenda shule ya msingi Mbinga, imegongwa mhuri. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa nane. Mwezi mzima kabla hawajapanda meli.

Niliisoma mara nne. Glorious alikuwa amekaa mlangoni na miwani yake bado kichwani. Benno hakuwa na moyo wa kuidai.

Simu ililia jua likiwa linashuka.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba." Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kwenye simu yake. "Mmekula?"

"Mama, ulikuwa umeniletea."

"Sasa wewe ulidhani mtu anakuja kuogelea na sweta tatu?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniombe," alisema. "Siku saba, Sekela. Mtoto si gunia nilibwage mlangoni kwako niondoke. Nilitaka kusikia kuna mtu anamtaka." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nilikuwa naangalia ufukweni. Sikujua mko nyuma yangu. Watu ndio wameniambia baadaye kwamba kulikuwa na mtoto anaita."

Nilikunja barua nikairudisha ndani ya bahasha.

"Mpe simu," alisema.

Waliongea Kinyakyusa, muda mrefu, Glorious akiwa ameinama na kiganja kimefunika sikio la pili. Nilitoka nje nisisikie. Nilimsikia akilia hata hivyo. Alipotoka, macho yalikuwa yamevimba. Alinirudishia simu kwa mikono miwili.

"Mama anasema uniombe."

"Nikuombe nini?"

"Hajasema. Kasema unajua."

Nikapiga magoti pale pale kwenye sementi, mbele ya Otilia na wageni wake, na viganja vyangu vilivyochubuka. Nikamwambia, "Glorious, naomba ukae na mimi. Mbinga kuna baridi, na nyumba yangu ni ndogo, na sijui unapenda kula nini asubuhi. Nakuomba."

Alinitazama vile alivyokuwa anatazama samaki, bila haraka.

"Meli inarudi lini?"

"Alhamisi."

"Basi mpaka Alhamisi," alisema.

Imepita miaka mitano. Sweta ya pili sasa inambana. Ya tatu ameanza kuivaa mwaka huu, anakwenda nayo sekondari. Bado ananiita Mama Mbinga, hata tukiwa wawili tu jikoni. Bibi yake huja kila Septemba, na siku ya kumsindikiza, Glorious hutuamsha alfajiri, tunateremka Mbamba Bay na kukaa gatini kwa saa nne nzima kabla ya meli kuondoka, na hakuna anayethubutu kulalamika. Ile habari ya kukaa mpaka Alhamisi Glorious hajawahi kuirudia. Mimi sijauliza.

Lakini kila Alhamisi, popote nilipo, hata nikiwa juu kabisa Mpepai katikati ya mibuni ya watu, ikikaribia saa nane nazima pikipiki ya kazi. Kutoka kule ziwa halionekani, wala honi haiwezi kufika. Nasimama tu hapo, nasikiliza, mpaka saa nane ipite.