Kifo cha Théogène kwa Mwavuli

Mwaka 1953 sisi wanafunzi wa shule ya walimu, kule Ngungu, juu milimani, tulitengeneza filamu ya kutisha. Padri mkuu alitupa kamera na baraka zake, kisha akakataza bunduki, panga na sumu, eti tungejifunza ubaya. Basi muuaji wetu, Benoît, akabaki na mwavuli. Sijui kama umewahi kumwogopa mtu mwenye mwavuli. Sisi tulilazimika.

Kazi ya kukata na kuunganisha filamu nilipewa mimi, Michel, kwa sababu nilikuwa na wembe na kiburi. Filamu yenyewe ilikuwa bubu, kwa hiyo sauti tulizitoa wenyewe. Mvua ilikuwa maharage yakichezeshwa kwenye ungo na mwenzetu Védaste, nyuma ya shuka jeupe la kuonyeshea picha. Ngurumo ilikuwa bati la choo cha walimu, ambalo wenyewe hawakuulizwa. Umeme wa radi niliukwaruza kwa sindano juu ya filamu, picha kwa picha. Damu ya Théogène, aliyeuawa, niliitia kwa wino mwekundu, doa moja moja, siku tatu nzima. Huyo Théogène alikufa vizuri kuliko alivyosoma.

Siku moja kabla ya wageni wa shule kuja kuitazama filamu, mama yake Théogène aliingia darasani. Mama Mukandori alikuwa amesikia uvumi, akapanda kwa miguu kutoka Shasha kule bondeni, matope hadi magotini.

“Wewe njo uko unaua mutoto wangu?”

“Mama, iko muchezo tu. Théogène iko muzima, iko anakula viazi saa hii.”

“Watu wataona amekufa. Kifo ya muntu haichezewi. Toa ile, ao naenda naye nyumbani leo. Nilibakia na huyu mumoja tu.”

Ilikuwa imebaki miezi miwili Théogène apate diploma. Nilijua. Nilijua pia kwamba bila kifo kile filamu yangu ingekuwa habari ya mtu anayekimbizwa na polisi kwa kosa la kubeba mwavuli. Na nakiri, kwa kitambo kidogo niliona diploma ya Théogène si jambo kubwa sana.

Nikajifanya mwenye akili. Niliziba madirisha kwa mablanketi, nikamketisha mama kwenye benchi, nikawasha mashine ya kuonyeshea filamu ili aone kwa macho yake kwamba ni mchezo. Mvua ya Védaste ikanyesha vizuri. Mwavuli ukachoma. Théogène akaanguka, wino ukatapakaa, na Mama Mukandori akapiga yowe ambalo sisi, mafundi wakubwa wa sauti, hatukuwahi kulikaribia. Ungo ukamponyoka Védaste, maharage yakamwagika sakafuni.

Kwa hofu nikageuza swichi ya kurudisha nyuma. Wino ukarudi kifuani na kutoweka. Mwavuli ukachomoka. Théogène akainuka kutoka kwenye matope, akatembea kinyumenyume hadi mlangoni, mzima kabisa.

Mama akainuka, akaja karibu na mashine.

“Rudia,” akasema.

Nikarudia. Filamu ilipokwenda mbele niliziba mwanga kwa kiganja, asione kifo. Iliporudi nyuma niliondoa mkono. Mara nne Théogène alifufuka mbele yake. Nilifurahi, mpumbavu mimi. Kazi yangu ya siku tatu ilikuwa imeokoka, na kesho wageni wangetazama filamu ya kwanza duniani ambamo muuaji anaponya watu kwa mwavuli.

“Mama, tukiionyesha hivi, Théogène atabaki?”

“Atabaki. Iko muzuri.” Aliweka mkono juu ya mashine. Ilikuwa ya moto, lakini hakuuondoa. “Mukubwa wake, Callixte, alienda na maaskari mu vita, kule Birmanie, inchi ya mbali. Walituletea karatasi tu, eti alikufa.” Akanitazama kwa heshima ambayo sikuistahili. “Na mutoto wangu yule, hawakumupiga picha kama hii?”

Nilitamani angenitukana. Nikasema, “Sijui, Mama.”

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye benchi, akaligeukia shuka, akangoja nitafute.